Mstari wa Nyuma: Picha ya Darasa na Kumbukumbu za Waliosoma Pamoja

Picha ya darasa ni picha ya pamoja inayopigwa shuleni, aghalabu mwishoni mwa mwaka au wiki chache kabla ya wanafunzi kuhitimu, ikiwaonyesha wanafunzi wa mkondo mmoja, yaani kundi moja kati ya makundi yanayosoma darasa hilohilo, wakiwa na mwalimu wao wa darasa na mara nyingi mwalimu mkuu. Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya picha hiyo haikuwekwa kwenye albamu wala ukutani, bali ilitiwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki na hati za shamba, na kwa watu wengi waliokua kabla ya simu zenye kamera ndiyo picha pekee ya utotoni waliyo nayo. Kwa sababu hiyo imezoeleka kuitwa hazina ya kumbukumbu. Sifa hiyo ni kubwa kuliko kazi inayofanywa na picha yenyewe, kwa kuwa kinachohifadhiwa na karatasi ni nyuso na mpangilio tu, ilhali majina, vituko, ugomvi na urafiki hubaki vichwani mwa watu, tena hubaki vizuri zaidi watu hao wanapoiangalia picha pamoja kuliko kila mmoja anapoiangalia peke yake.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa hadharani mjini Paris mwaka 1839 na haukukawia kufika pwani ya Afrika Mashariki. Zanzibar, iliyokuwa bandari kubwa ya biashara, ilikuwa na studio za kudumu kabla ya karne ya 19 kwisha, na nyingi ziliendeshwa na Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa, iliyokuwa koloni la Wareno katika pwani ya magharibi ya India. Majina ya A. C. Gomes na ya ndugu wa Coutinho bado yanasomeka kwenye picha na kadi za posta za zama hizo. Shule za kisasa nazo zilikuwa zikianza wakati huohuo. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, inayojulikana zaidi kwa kifupi chake UMCA, ilihamia Zanzibar mwaka 1864 na kuanza na wavulana watano waliookolewa kwenye jahazi la watumwa na kukabidhiwa kwake na Sultani Majid, na baadaye ikawa na shule ya wavulana Kiungani na ya wasichana Mbweni. Upande wa bara, Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya 1890.

Picha za mwanzo za wanafunzi hazikupigwa kwa ajili ya wanafunzi. Misheni zilihitaji kuwaonyesha wafadhili wa Ulaya kwamba fedha zao zimezaa matunda, na hakuna ushahidi uliokuwa mwepesi kueleweka kuliko safu ya watoto waliovaa nguo safi, vitabu mkononi, macho yakiangalia mbele. Serikali za kikoloni zilikuwa na haja kama hiyo. Jambo hili halikuwa la Afrika Mashariki peke yake: nchini Marekani, shule ya Carlisle, iliyoanzishwa na Richard Henry Pratt mwaka 1879 kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ilisambaza picha za jozi zilizomwonyesha mtoto yuleyule siku aliyowasili na baada ya kukatwa nywele na kuvishwa sare. Watafiti Marianne Hirsch na Leo Spitzer, katika kitabu chao cha mwaka 2020 kuhusu picha za shule, wanaeleza kwamba mpangilio tunaouona kuwa wa kawaida, yaani safu zilizonyooka, sare moja na mkubwa katikati, ulikuwa sehemu ya somo lenyewe, kwani mtoto alikuwa akifundishwa pia namna ya kuonekana.

Mpaka picha ya darasa iwe mali ya wanafunzi, ilibidi bei ishuke. Kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya Brownie mwaka 1900 kwa dola 1, na katika miongo iliyofuata studio za wenyeji wa pwani zikaongezeka: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, N. V. Parekh akajulikana Mombasa, na Omar Said Bakor akajenga jina Lamu kwa picha zake za ubunifu. Kazi ya kila siku ya studio ilikuwa harusi, familia na picha za paspoti, lakini nje ya mabwana hao wakubwa walikuwapo wapiga picha wengi wasioandikwa popote, waliofunga kamera nyuma ya baiskeli na kuzunguka kwenye sikukuu, mikutano na mahafali. Hao ndio walioingia mashuleni, na sehemu kubwa ya picha za darasa zilizopo leo ni kazi ya mikono yao ingawa majina yao hayajulikani hata kwa waliopigwa.

Uchumi wa mpiga picha huyo unaeleza mengi yanayoonekana kwenye karatasi. Kamera zilizotumika sana zilikuwa za lenzi mbili, moja ya kuangalia na nyingine ya kupigia, ambazo mpigaji huinamia kutoka juu akiwa ameishika kamera usawa wa tumbo. Mkanda wake, yaani filamu iliyoviringishwa kwenye kijiti, ulitoa picha 12 tu za mraba wenye sentimita 6 kila upande. Mkanda ulikuwa ghali na haukupatikana kila duka, hivyo darasa zima lilipata picha moja, au mbili mwalimu akisisitiza, na aliyefumba macho wakati huo amefumba macho mpaka leo. Aliyegeuza kichwa kumcheka jirani ametoka na uso uliovurugika kama moshi, na wenzake wanapomtambua huwa wanamtambua kwa hilohilo, kwamba huyu hakuwa mtu wa kutulia.

Malipo yalitangulizwa. Kiranja aliandika kwenye daftari majina ya waliotoa pesa, na picha ziliposafishwa zilirudi baada ya majuma kadhaa zikiwa zimehesabiwa kulingana na orodha hiyo. Wapo walioruhusiwa kusimama lakini hawakuwa na pesa za nakala, na wapo waliobaki nyumbani siku hiyo kwa aibu ya kaptula iliyochanika au kwa sababu hawakuwa na sare kamili. Kwa hiyo picha ya darasa la watoto arobaini huweza leo kupatikana katika nyumba chache tu, na mtu mzima anayeitafuta sura yake ya utotoni hulazimika kwenda kuiomba kwa mwenzake ambaye wazazi wake walikuwa na nafuu kidogo. Mara nyingi safari hiyo ya kuomba nakala ndiyo inayowakutanisha tena waliopoteana.

Mpangilio wa safu nao ulikuwa na kanuni zake. Wadogo waliketi chini, miguu imekunjwa, na mmoja wao alishika kibao kilichoandikwa kwa chaki jina la shule, darasa na mwaka. Maandishi hayo hayakuwa pambo, kwani bila hayo picha nyingi zisingeweza kutambulika leo. Safu ya pili ilikuwa ya viti vilivyobebwa kutoka ofisi ya walimu, mwalimu mkuu akiwa katikati na mikono juu ya magoti, walimu wengine pembeni yake kwa kufuata vyeo, na viranja mwishoni mwa viti. Nyuma yao walisimama watoto wa kimo cha wastani, na nyuma kabisa wakapandishwa warefu juu ya madawati au mabenchi. Mstari huo wa nyuma unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko mingine, kwa maana ndiko waliko wakubwa kwa umri, waliorudia darasa, walioanza shule wakiwa na miaka 10 au 12 kwa sababu walikuwa wakichunga ng'ombe au kulea wadogo zao, na pia watundu waliojua kwamba jicho la mwalimu aliyeketi mbele haliwezi kuwafikia. Vidole viwili vinavyochomoza kama pembe juu ya kichwa cha kiranja hutoka huko.

Shida kubwa ya kiufundi ilikuwa mwanga. Kanuni ya zamani ilimtaka mpiga picha alipe jua mgongo, maana yake watoto walikabiliwa na jua usoni, na ndiyo sababu darasa zima huonekana limekunja nyuso kana kwamba lilikuwa limekasirika. Zaidi ya hapo, shati jeupe likiwa karibu na uso mweusi juani huifanya filamu ishindwe: ukipima mwanga wa shati, nyuso hupotea gizani, na ukipima mwanga wa nyuso, mashati huungua na kuwa doa jeupe. Fundi hodari alichagua kuziokoa nyuso. Akiwa ndani ya chumba cha giza, yaani chumba kilichozibwa mwanga ambamo picha husafishwa, aliweza pia kukinga mwanga wa mashine kwa kiganja au kwa kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye waya, akikitikisatikisa juu ya sehemu ya nyuso kwa sekunde chache ili zisitoke nyeusi mno, kisha akaiacha sehemu ya mashati ipate mwanga zaidi. Ukiona picha ya miaka ya 1960 ambayo kila uso unasomeka na kila kola ina mkunjo wake, ujue kuna mtu aliihangaikia.

Filamu za rangi zilizidisha tatizo hilo kwa namna ambayo si ya bahati mbaya. Kwa miaka mingi maabara za Ulaya na Marekani zilisawazisha rangi kwa kutumia picha ya mfano ya mwanamke mweupe, iliyopewa jina la kadi ya Shirley kutokana na mwanamke wa kwanza aliyepigwa kwa kazi hiyo katika kampuni ya Kodak. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeichunguza historia hiyo na kuichapisha mwaka 2009, anaonyesha kwamba picha za darasa zilikuwa mahali ambapo kasoro ilijianika waziwazi, kwa sababu katika shule za Marekani zenye watoto weupe na weusi pamoja, mtoto mweusi alitoka akionekana macho na meno tu. Wazazi walilalamika. Hata hivyo, msukumo uliosikika zaidi kiwandani katika miaka ya 1970 ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao hawakuridhika na jinsi rangi za mbao na za chokoleti zilivyotoka kwenye matangazo yao; kabati lilipata haki yake kabla ya mtoto.

Kwa Tanzania, picha za darasa za miaka ya 1970 zina alama ya pekee. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata Azimio la Musoma likaagiza kwamba kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe ameandikishwa ifikapo Novemba 1977, mpango uliojulikana kwa kifupi cha Kiingereza UPE, maana yake elimu ya msingi kwa wote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamepita milioni 3. Walimu waliokuwapo hawakutosha hata kidogo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa na kufunzwa ualimu hukohuko vijijini, wakisoma kwa posta na redio huku wakifundisha. Ndiyo maana katika picha za miaka hiyo, mwalimu aliyeketi katikati anaweza kuonekana kijana mdogo kuliko mvulana aliyesimama mstari wa nyuma. Watoto wamebanana mpaka ukingo wa karatasi umewakata baadhi yao bega, wengi wako peku, na dawati moja lililotolewa nje kwa ajili ya picha limebeba watu kuliko lilivyobeba darasani. Jina la mwalimu wa UPE lilikuja kutumika kwa kejeli, na kejeli hiyo haikuwa ya haki sana, kwa sababu mamilioni ya watu wazima walioweza kusoma gazeti katika miongo iliyofuata walifundishwa herufi na vijana hao.

Kenya ilipita njia hiyo Januari 2003 serikali ilipofuta ada za shule za msingi, na mwaka 2004 Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, akaandikishwa darasa la kwanza mjini Eldoret. Picha zake akiwa na sare na soksi ndefu, ameketi dawatini kati ya watoto wa rika la vitukuu vyake, zilizunguka dunia nzima.

Kinachosahaulika kwa urahisi ni kwamba picha ya kumaliza shule inaonyesha waliobaki, si wote waliokuwamo. Walioanza darasa la kwanza pamoja hawakufika darasa la saba wote: kuna waliohama na wazazi wao, waliougua, walioacha kwa ajili ya kazi, na wasichana walioozwa au kupata ujauzito. Nchini Tanzania msichana aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida ya serikali mpaka Novemba 2021, zuio hilo lilipoondolewa, na hivyo kwa miongo mingi kutoonekana kwake kwenye picha kulikuwa na sababu iliyojulikana na darasa zima ingawa haikutamkwa mbele ya mwalimu. Tena, nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 hakupatikana hata mtoto mmoja kati ya kila kumi waliomaliza darasa la saba aliyezipata. Kwa wengi, basi, siku ya picha ilikuwa karibu na siku ya mwisho ya kundi hilo kuwa pamoja.

Picha za sekondari zina sura nyingine. Kwa kuwa serikali ya Tanzania iliwapangia wanafunzi shule nje ya mikoa yao kwa makusudi ya kujenga umoja wa taifa, kidato kimoja cha shule ya bweni kiliweza kuwa na mtoto wa Kigoma, wa Pemba, wa Newala na wa Bukoba, ambao wasingekutana kwa njia nyingine yoyote. Wanafunzi wa shule ya msingi hukumbukana kama majirani, kwa mama zao, kwa mashamba yao na kwa kisima walichochota pamoja, na wale wa bweni hukumbukana kwa lafudhi, kwa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda na kwa uji wa asubuhi uliokuwa na wadudu.

Kuhusu uwezo wa kukumbuka, sayansi ina la kusema. Mwaka 1975 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Bahrick, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya kuwapima watu 392 wa rika mbalimbali kwa kutumia vitabu vya picha vya shule walizohitimu. Waliomaliza shule ndani ya miaka 15 iliyotangulia waliweza kutambua takriban asilimia 90 ya nyuso za wenzao, na hata baada ya miaka 48 uwezo huo ulikuwa bado karibu asilimia 70. Lakini walipotakiwa kuyataja majina kutoka kichwani, bila kuonyeshwa chochote, walishuka kwa kasi: karibu asilimia 60 baada ya miaka 15 na asilimia 30 hivi baada ya miaka 48. Kutambua ni kazi nyepesi kuliko kutaja, kwani anayetambua ameletewa kitu mbele yake na anachotakiwa ni kukubali au kukataa, wakati anayetaja anapaswa kukichimbua mwenyewe.

Majina yana ugumu wake wa ziada. Kumjua mtu kwamba ni mtoto wa mwashi, mchezaji wa namba tisa au mwimbaji wa kwaya ni kumshika kwa mambo yanayoshikana na mengine, ilhali jina la ubatizo au la daftari limening'inia peke yake bila kuungwa na chochote. Hapo ndipo lakabu, yaani jina la utani, linapolishinda jina la daftari. Aliyeitwa Twiga aliitwa hivyo kwa kimo, aliyeitwa Profesa ni kwa miwani au kwa maswali yake, na picha yenyewe inakumbusha sababu. Kwa hiyo watu wa miaka sitini hukutana na kumtambua Twiga papo hapo, kisha wakabaki wanatazamana kila mmoja akingoja mwingine alitaje jina alilopewa na wazazi wake. Majina ya daftari huokolewa na jambo moja tu, nalo ni kule kuitwa majina kila asubuhi. Mtoto aliyesikia orodha ileile kwa miaka saba huweza kuirudia kwa mfuatano uleule, ikiwa na mahadhi yake na hata jina la yule ambaye jibu lake, lililotolewa na wenzake, lilikuwa daima "hayupo".

Watafiti wa kumbukumbu wamegundua pia kwamba watu wenye umri wa zaidi ya miaka 40 hukumbuka mambo ya kipindi cha kati ya miaka 10 na 30 kwa wingi kuliko ya vipindi vingine vya maisha, ukiacha yale ya juzijuzi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba hicho ni kipindi cha mambo ya mara ya kwanza na cha mtu kujijua yeye ni nani. Picha ya darasa la saba huangukia mwanzoni mwake. Mwanasosholojia wa Ufaransa, Maurice Halbwachs, aliyefariki mwaka 1945 katika kambi ya Wanazi ya Buchenwald, alikuwa ameshaandika mwaka 1925 kwamba mtu hakumbuki peke yake bali hukumbuka ndani ya kundi, kwa kuazima vipande vilivyohifadhiwa na wengine. Mabishano ya wanafunzi wa zamani mbele ya picha yanathibitisha hivyo: mmoja anashika jina, wa pili anakumbuka siku mwalimu alipochelewa, wa tatu anakana kwamba yeye ndiye aliyeiba embe za mwalimu mkuu, na kutokana na kukana kwake kisa kizima kinapatikana.

Hata hivyo, kundi linaweza kukumbuka kisichokuwapo, na picha yaweza kulisaidia kufanya hivyo. Mwaka 2004 Stephen Lindsay na wenzake walichapisha jaribio lililowahusisha wanafunzi 45 wa chuo kikuu nchini Kanada, walioombwa wajitahidi kukumbuka matukio matatu ya shuleni utotoni. Mawili yalikuwa ya kweli, yametolewa na wazazi wao. La tatu lilitungwa, kwamba mhusika na rafiki yake walitia kitu cha utelezi kinachochezewa na watoto ndani ya meza ya mwalimu. Wanafunzi 23 kati yao walipewa pia picha ya darasa lao ya mwaka huo. Miongoni mwa waliopewa picha, takriban theluthi mbili walifikia kulikumbuka tukio ambalo halikutokea, ikiwa ni zaidi ya mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Picha ilikuwa halisi na nyuso zilikuwa za kweli, na ukweli huo ndio uliouvika uongo nguo, kwa sababu akili ilipata mahali pa kuliweka tukio, mwalimu wa kufanyiwa na rafiki wa kushirikiana naye. Kisa kilichosimuliwa na watu watano kwa sauti moja si lazima kiwe kimetokea, ingawa si kazi ya sherehe ya wanafunzi wa zamani kuendesha mashtaka.

Karatasi nayo ina maadui wake. Picha nyeusi na nyeupe iliyosuuzwa vizuri huweza kupita miaka mia, lakini ile iliyosafishwa kwa haraka hubaki na chumvi za dawa zinazoifanya ipate madoa ya manjano. Picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 zimegeuka kuwa nyekundu hata zikiwa gizani, kwa sababu rangi ya samawati iliyomo hufifia kabla ya nyingine. Unyevu wa pwani huleta kuvu inayokula utando wa jelatini unaobeba picha, mchwa hula bahasha nzima, na albamu zenye kurasa za gundi na plastiki, zilizodhaniwa kuwa za kisasa, zimegandisha picha zisiweze kubanduliwa. Wino wa kalamu ya kawaida ulioandikwa nyuma huweza kupenya mbele, hivyo penseli laini inafaa zaidi kwa kuandika majina kwa mfuatano wa safu, kuanzia kushoto kwa mtazamaji.

Siku hizi picha hizo hupigwa tena kwa simu na kutumwa katika makundi ya WhatsApp ya waliosoma pamoja, ambayo kwa kawaida huanza kwa furaha ya kutambuana na baada ya miezi michache huwa vyama vya kuchangiana harusi, matibabu na rambirambi. Mara nyingi orodha ya walio hai na waliotangulia hupatikana kwa kuzizungushia nyuso duara moja baada ya nyingine kwenye picha hiyohiyo. Usambazaji wa picha za watoto wa leo ni suala tofauti na sheria zimeanza kuuwekea mipaka: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, nayo Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Kwa anayetaka kukamilisha majina ya picha ya zamani, msaada ulio karibu zaidi ni rejesta ya uandikishaji iliyo katika ofisi ya mwalimu mkuu, kitabu kikubwa kinachomwandika kila mtoto kwa namba, tarehe ya kuingia, jina la mzazi au mlezi na kijiji alichotoka. Wanafunzi wa zamani wanaoandaa jubilei ya shule huomba kuifungua, na kuilinganisha na picha huonyesha haraka kwamba orodha ni ndefu kuliko safu. Safu wima ya mwisho ya rejesta hiyo huonyesha sababu ya kuondoka, kwa neno moja au mawili ya mwandiko wa mwalimu: amemaliza, amehama, utoro, amefariki. Waliopata maneno hayo matatu ya mwisho hawamo kwenye picha, na kwao rejesta ndiyo nakala pekee.